Nilimlisha Mpinzani wa Mume Wangu

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, na bati letu linalia taratibu kama mtu anayepepeta mchele.

Shajara yangu, mume wangu amelala. Jicho la kushoto limevimba kama andazi, pua imeziba, anakoroma. Nimekaa mkekani karibu na miguu yake naandika kwenye simu, na kila nikimaliza sentensi namtazama tena. Ni mzuri jamani. Hata akiwa amevimba ni mzuri.

Nina furaha mpaka naona haya.

Lakini wacha nianze mwanzo, maana wasomaji wengine wa shajara hii ya mtandaoni walikuja humu kwa ajili ya picha za harusi tu. Mimi ni Kadzo, wa hapa Matsangoni. Charo ni mume wangu wa miezi miwili. Mchana anachonga mawe ya kujengea kule machimboni, jioni anafanya mazoezi ya ndondi Kilifi, uzito wa juu. Pwani yetu hii hajashindwa na mtu. Kila akipanda ulingoni, mkono unaoinuliwa mwishoni ni wake, na mimi napiga vigelegele mpaka sauti inakauka.

Sasa, zile picha za harusi nilipoziweka, katikati ya pongezi zenu alitokea mtu asiye na jina akaandika: "Hongera bibi harusi. Mwambie bwana apigane na watu, aache kupiga magunia."

Nilifuta haraka. Charo alikuwa ameshasoma.

Wiki hiyohiyo tukaenda kumsalimia Hawe, nyanya yangu mzaa mama. Mnamjua alivyo. Kwa utani wetu Charo ni mume wake na mimi ni mke mwenza, na mke mwenza hana huruma. Tulipoitikiwa shikamoo tu, akaanza: "Karibu mume wangu! Nasikia umempiga mwingine. Huyu naye alikuwa na homa, au alikuwa na njaa? Siku ukikosa mtu niite mimi, mgongo wangu umepona." Nyumba nzima ilicheka. Charo alicheka pia, lakini nilimwona macho.

Njiani kurudi ndipo aliponiambia. Kuna mwandaaji wa mapambano amempigia kutoka Mombasa, anataka Charo agombee mkanda wa taifa. Bingwa aliyeushika ni mtu wa kutisha. Wa mwisho kupigana naye alitolewa ulingoni kwa machela. Charo alikuwa hajajibu.

"Kadzo, niambie kweli," akasema. "Mimi nimekuwa bora, au ni wao waliokuwa dhaifu?"

Nikamwambia yeye ni bora kuliko mabondia wote wa dunia hii na ile ijayo. Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso.

"Hilo ni jibu la bibi harusi. Mimi nataka la mtu aliyeangalia."

Akaniambia kama ni wao waliokuwa dhaifu, Mombasa haendi. Hataki kwenda kuvunjwa taya mbele ya mke wake kwa sababu ya sifa za uongo. Na asipokwenda safari hii hawatamwita tena, basi glovu atazitundika ukutani. Alilisema hilo kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa kifua kile.

Kwa hiyo niliangalia. Kila siku nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, naiegemeza simu kwenye sufuria na kutazama mapambano yake ya zamani. Nakiri, niliyoyaona hayakunifurahisha. Kuna baunsa wa hoteli moja ya Kikambala aliyegeuza mgongo kwa ngumi ya kwanza kama aliyeitwa na mtu nyuma. Kuna mchukuzi wa magunia wa Malindi, mwili kama kabati, raundi ya pili anapumua kwa mdomo. Kuna mmoja ambaye, naapa, alikuwa wa uzito wa kati aliyelishwa wiki nzima ili aonekane mkubwa. Si ajabu. Watu wakubwa pwani wapo, ila wakubwa wanaokubali kupigwa ni wachache, na uzito wa juu una sakafu lakini hauna dari. Yeyote aliyeshiba anaingia.

Nilizima simu nikaendelea kukuna. Yule asiye na jina alikuwa na haki kiasi.

Lakini mimi ndiye ninayemshikia Charo vile vitanga vya ngozi anavyopigia mazoezi nyumbani, na viganja vyangu vina habari nyingine. Tulipochumbiana alikuwa na ngumi moja tu, ya kulia, inakuja kama jiwe linaloporomoka. Siku hizi anadokoa kwa kushoto, ngumi fupi za haraka, anasogea hatua kando, halafu hiyohiyo kushoto inaingia mbavuni. Bega la kulia linashuka kidogo, kisha mbavu zako zinaaga. Hilo ni jambo jipya. Lakini vitanga havirudishi ngumi, sivyo?

Katika video zote ni mtu mmoja tu aliyemrudisha Charo nyuma. Karisa wa Rabai. Walipigana kabla sijamjua mume wangu, na Charo alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ukumbi ukazomea. Aliyerekodi alisimama nyuma kabisa, hivyo Karisa utamwona mgongo na kichwa kinachong'aa, basi.

Tukinywa chai nikamwambia Charo, "Mtafute Karisa. Alikupima zamani, akupime tena. Mizani ni ileile."

Akaacha kutafuna. Kisha akanitazama kama siku ile alipokuja kuniposa. Kocha Saidi, mwalimu wake, alifurahi mpaka akapiga makofi, maana Karisa naye amekuwa akiwaangusha watu Mombasa. Wakakubaliana: Jumamosi, ukumbi wa Kilifi.

Wazo lilikuwa langu. Likumbuke hilo, shajara, maana ninayoandika sasa yananiumbua.

Ijumaa mchana nilikuwa peke yangu, Charo amekwenda Kilifi kuonana na kocha. Hodi mlangoni. Mtu mrefu, mpole, nywele zimejaa, ndevu zimechongwa vizuri, shati la mikono mirefu, amebeba kifungu cha nazi kubwa. Akasema anatoka Rabai, amekuja kumwona Charo na kutoa pongezi za harusi.

Rabai! Wajomba zake Charo ni wa Rabai, na kuna mtoto wa mjomba aliyekosa harusi kwa ugonjwa. Moyo wangu ukaruka. Bibi harusi mpya kupata mgeni wa ukweni na wali wa nazi uko tayari, kuna bahati gani zaidi?

Nikamkalisha. Nikamletea maji ya kunawa, wali, samaki wa kupaka, pilipili ya ukwaju. Alifungua mdomo mara mbili kutaka kujieleza.

"Shemeji, kula kwanza," nikamkatiza. "Kwetu mgeni haulizwi jina na njaa tumboni."

Ndivyo nilivyolelewa. Hawe angenichapa nikimhoji mgeni mbele ya sinia. Basi yeye akala, na mimi, kwa kuwa sikutakiwa kumuuliza lolote, nikajaza kimya kile kwa maneno yangu. Nilimsifu mume wangu. Mnanijua. Nilisema anavyoamka alfajiri, anavyonibebea maji. Nikasema na vile atakavyompiga Karisa kesho.

Mgeni akakohoa. Nikamwongezea mchuzi.

Halafu nikasimama, shajara yangu, nikasimama katikati ya sebule na leso yangu kiunoni nikamwonyesha. Anadokoa hivi. Anasogea hivi. Bega la kulia likishuka, ujue ngumi ya mbavu inakuja kutoka kushoto. "Huyo Karisa hataiona," nikasema, "labda aambiwe."

Mgeni aliacha kula. Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa.

Charo akaingia. Akasimama mlangoni, uso ukafunguka. "Karisa! Umeota nywele?"

Nilikaa chini. Hapohapo nilipokuwa, sakafuni.

"Nilijaribu kusema, ndugu yangu," Karisa akamwambia, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Mkeo hakunipa nafasi. Na wali wake, Mungu aniwie radhi, sikuweza kuuacha."

Wakacheka, wakakumbatiana, wakaongea habari za Rabai. Karisa alipoaga nilimsindikiza kwa macho tu. Kisha nikamwambia Charo kila kitu. Bega, hatua, mbavu, vyote. Nililia. Nilisema mpigie kocha, aseme unaumwa. Nilimwona tayari kwenye machela, na mimi ndiye niliyempeleka pale kwa mdomo wangu.

Charo alikwenda akaonja mchuzi sufuriani, akarudi.

"Basi vizuri," akasema. "Sasa tutajua kweli."

Jana ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Charo alivaa ile kaptura niliyomshonea, kiunoni ina utepe wa leso yetu ya harusi. Hawe alikuja pia, amekaa mbele na mkongojo wake, akitangazia watu kwamba yule ni mume wake na leo atamwaibisha.

Raundi ya kwanza, Charo akadokoa, akasogea, bega likashuka. Karisa alikuwa akilisubiri. Kulia yake ikatua puani kwa mume wangu, nikaona damu. Raundi ya pili hivyohivyo. Ya tatu, jicho. Karisa huyu hakuwa yule wa kwenye video. Alikuwa mwepesi, mkavu, pumzi zake za mbuzi wa mlimani. Nyuma yangu mtu akasema, "Leo amepata mtu." Nilitaka ardhi inimeze pamoja na wali wangu wote.

Raundi ya nne sikutazama. Nilifunika uso na leso nikawa namwomba Mungu asiniadhibu kupitia yeye.

Ni Hawe aliyenigonga na mkongojo. "We mke mwenzangu, fungua macho, mume wetu anafanya kitu!"

Nikafungua. Charo alidokoa, akasogea, bega la kulia likashuka. Karisa akateremsha mkono kulinda mbavu, na mimi mwenyewe nilijua ngumi ya mbavu inakuja. Haikuja. Bega lilikuwa chambo. Ngumi ilitoka kulia, ikapanda juu, ikamkuta Karisa kidevuni pasipo na mlinzi. Raundi iliyofuata bega likashuka tena, Karisa akalinda kidevu, na kushoto ikaingia mbavuni. Baada ya hapo maskini hakujua alinde nini. Raundi ya sita alipiga goti, akahesabiwa, akainuka. Walimaliza raundi zote nane wakiwa wamesimama, na mwisho wakaegemeana kama watu waliotoka msibani.

Majaji wote watatu, Charo.

Hakuna aliyezomea. Nilisikiliza kwa makusudi kabisa, hakuna hata mmoja.

Niliwafuata chumba cha kubadilishia nguo na chupa ya maji ya moto na chumvi. Karisa alikuwa amekaa benchi, barafu mbavuni. Nilitaka kumwomba radhi, kisha nikakumbuka ni mume wangu ndiye niliyemkosea, nikajishughulisha na ile chupa. Karisa ndiye aliyeanza.

"Shemeji, uliniambia yote. Nilikesha nikilifikiria lile bega. Na bado sikuona kitu."

Charo, na pamba zake puani, akamuuliza lile swali. Mbele yangu, bila kuzungusha. Amekuwa bora, au wengine ndio walikuwa dhaifu?

"Walikuwa dhaifu," Karisa akasema. "Nani hajui? Yule baunsa hata mimi ningempiga nikiwa nakunywa chai. Lakini Charo niliyepigana naye zamani alikuwa na jambo moja. Ukilizuia, amekwisha. Huyu wa leo nimemzuia raundi tatu, akaniletea jambo la pili, na nahisi la tatu alikuwa nalo bado." Akageuka kwangu. "Analo?"

Nilifumba mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, nilifumba mdomo, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka Karisa akashika mbavu akilia kwa uchungu.

Nje Hawe alikuwa anamsubiri mume wake. Alimtazama lile jicho, akamgusa shavu kwa kidole kimoja. "Leo umepigana na mtu," akasema. Halafu, ili asije akaonekana amemsifu, "Lakini mimi ningempiga mapema."

Asubuhi hii, kabla hajalala tena, Charo amempigia yule mwandaaji wa Mombasa. Amesema ndiyo. Nilikuwa nimeshika mkono wake, na mkono wenyewe ulikuwa umetulia kabisa. Najua bingwa yule si Karisa, na najua mume wa mtu anaweza kuumia. Hofu ninayo. Lakini sasa akiniuliza, nina jibu la mtu aliyeangalia, na kwa bahati yangu njema limefanana na lile la bibi harusi.

Mwandaaji atakuja hapa nyumbani wiki ijayo na watu wake wawili, mazungumzo ya mkataba. Nimeshapanga: wali wa nazi, kwa zile nazi za Rabai. Nimejiapia kwamba safari hii nitawauliza majina mlangoni, kabla hawajakaa.

Charo amefungua jicho lake zima moja, amejiinua akasoma sentensi hiyo juu ya bega langu, na sasa anacheka mpaka kitanda kinatikisika.

Anajua. Watakula kwanza.