Sala Uliyoikosa Al Qabil

Kaka yangu,

Shikamoo, hata kama huitikii. Najua ukiona barua imetoka kwetu utataka kuichana. Isome kwanza, uchane baadaye.

Leo hapa Ibra nilikuwa nasomesha habari za koloni la mwanzo la Waingereza kule Marekani. Walikwenda kutafuta dhahabu wakakuta njaa; halafu wakapanda tumbaku mpaka ikawa ndiyo pesa yao, hata padri akilipwa kwa tumbaku. Ngoma ikipigwa, wote kanisani. Asiyekwenda hapewi chakula siku ile. Akirudia, viboko. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Abla, mkubwa wao alijuaje nani hakwenda? Nani akimwambia?" Nikawaambia wafungue ukurasa mwengine.

Sheria ya Baba kule nyumbani Al Qabil waikumbuka: aliyelala sala ya alfajiri hali mkate. Akikaa mkekani, fimbo yake ya henzerani pajani, akituuliza mmoja mmoja. Siku ile ulikuwa hoi, kutwa ya jana yake ulishinda juu ya mitende ukikata tende. Ukamwambia umesali msikiti wa sokoni. Yeye alisali msikiti wa juu, akakuamini, ukenda kunawa mikono.

Uliporudi alikukamata shingo. Alikufunga mtendeni, kando ya mfereji wa falaji, kwa kamba ile ile uliyokuwa ukipandia. Alikupiga mpaka henzerani ikapasuka, akaokota upongoo wa mtende akaendelea. Kila pigo akitaja jina la Mungu, na Mungu hakumtuma! Mama akapiga ukelele, "Utaniulia mwanangu!" Akasukumwa, akaangukia kwenye maji. Jino lako likatoka, kanzu ikalowa damu, na wewe hukulia. Ulimkodolea macho tu. Mpaka leo namchukia kwa asubuhi ile, ingawa ni baba yangu na keshafukiwa.

Alipokufungua uliuliza, "Nani kasema?"

Mama, nguo zinamchuruzika, akajibu, "Mimi."

Ukamtemea mate miguuni. Ukapanda pikapu ya watu wa Sur waliokuja kununua tende, ukenda zako, na miaka yote hii hutaki hata kuisikia sauti yake.

Kaka, Mama hakusema neno. Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuona umelala, nikamnong'oneza Baba ulipokwenda kunawa. Nilitaka anisifu. Akanisifu, wallahi! Sahani yako akaniwekea mimi, mkate na samli na asali, nikaila yote huku nakusikia unapigwa. Mama aliona macho yako yananitafuta, akajitia katikati.

Sasa macho yake yamekwisha, haoni. Simu ikilia tu anauliza, "Ni yeye?" Juzi nilimwambia nitakuandikia ukweli, akanijia juu: "Usithubutu! Atakuchukia wewe. Mimi nishazoea."

Nishazoea! Mtu anazoea vipi kutemewa mate na mwanawe? Mimi nimekaa kimya, nimeolewa, nimezaa, nasomesha watoto wa watu, na yeye anabeba dhambi yangu.

Basi nichukie mimi, ni haki yako. Ukitaka kuja kunipiga, njoo, sitakimbia. Lakini mpigie simu Mama leo. Atakataa, atakwambia mimi mwongo, ni yeye aliyesema. Usimwamini.

Ndimi mdogo wako,
niliyekuchongea.