Mashuka ya Mtoto wa Mwalimu

6 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Vipi mgongo, bado unakusumbua ukiinama? Huku sote wazima, isipokuwa shemeji yako ana mafua kidogo na anakohoa kama mgonjwa mahututi ili apelekewe chai kitandani.

Nina kazi, tena si ya kukataa. Unamkumbuka yule mwalimu anayekaa mtaa wa nyuma ya duka langu, aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto mpaka mawifi wakawa wanamsema sebuleni kwake mwenyewe? Basi ana mimba, na inakaribia. Anataka mashuka madogo ya kitanda cha mtoto, yatariziwe maua na ndege. Nikamwambia asihangaike, mikono ya dada yangu haina mfano.

Nakutumia kitambaa na nyuzi kwa dereva wa basi. Nimevipata kwa Mzee wa Marobota, yule muuza vitambaa vya jumla, kwa bei ya kutupa. Anza na mawili, nimpelekee mapema roho yake itulie.

Mdogo wako

18 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri. Mpe shemeji pole, na chai umpe baridi.

Mawili tayari, dereva atakuletea. Lakini mwenzangu, hizi nyuzi ulizichagua umefumba macho? Zinang'aa kama jicho la samaki sokoni. Ule mwekundu nimeusugua kwenye pamba iliyolowa, ukaacha doa kama kidonda. Nimeutupa, nikatumia nyuzi zangu. Uzi wa nguo ya mtoto ni wa pamba, usiochuja rangi, na usiwe mnene kuliko kitambaa chenyewe. Ukiwa mnene, shuka linavutana, na mafundo yanamkwaruza mtoto ngozi.

Kitambaa nacho sikielewi. Kimekakamaa kwa wanga kama kadi ya mwaliko, sindano inapita inalia. Pengine kizito, pengine kimelika. Na ukikileta karibu na uso kuna harufu fulani. Nimejiambia ni ya ghala. Kilichobaki nitakiloweka kabla sijakigusa kwa sindano. Ndivyo inavyotakiwa kwa kitambaa chochote, kisinyae kwangu, kisije kusinyaa kwa mwenyewe.

Dada yako

23 Februari

Dada,

Shikamoo. Mashuka yamefika. Mwalimu aliyakumbatia akalia, nami nikalia, tukawa vichekesho pale dukani.

Sasa kuloweka kwa nini? Usiloweke! Tarizi hivyo hivyo. Wanga ndio unaoyafanya yasimame vizuri. Mteja anaangalia maua, dada, haangalii kitambaa. Wewe kila kitu lazima ukinuse, kama paka jikoni. Fanya haraka, tafadhali, mwalimu tumbo limeshashuka.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitazitafuta mwishoni, nikizipata nitaziandika.

Barua yako ilinikuta nimeshaloweka. Maji yalitoka rangi ya chai iliyochacha. Nikamwaga, nikatia mengine, yakatoka vilevile, na juu yake utando wa mafuta. Wanga ulipoyeyuka ndipo harufu ilipojitokeza vizuri: dawa kali ya kusafishia sakafu, na chini ya dawa, nyama. Sina neno jingine. Jirani alichungulia uani akauliza kama panya amefia kwangu.

Nikakitandaza kwenye kamba. Mdogo wangu, kuna doa la mgongo wa mtu. Mabega, kiuno, na huko chini visigino viwili, kila kimoja na duara lake la kahawia. Kwenye pindo mtu alipaka chaki nyeupe, na chaki ilipotoka nikasoma wino: CHUMBA CHA MAITI.

Unajua ninavyofanya kazi. Uzi naukata kwa meno. Ncha nailowesha kwa ulimi ipite kwenye tundu la sindano. Kitambaa nakilaza mapajani, na nikichoka nakishika kwa midomo. Mashuka mawili nimeyamaliza hivyo. Nimesukutua kwa chumvi, nikasukutua kwa ndimu mpaka fizi zikatoa damu. Nimetapika mpaka ikabaki nyongo. Bado naisikia kwenye meno ya nyuma, hata ninapokuandikia.

Nenda kwa mwalimu leo. Usingoje kesho. Yachukue yale mashuka.

Salamu sikuzipata.

Dada yako

5 Machi

Dada,

Shikamoo. Tuliza moyo kwanza. Vitu vile vilichemshwa. Mzee wa Marobota aliniambia vimetoka hospitali, hakuniambia chumba gani, nami sikuuliza. Wewe ungeuliza, najua. Lakini wewe hulipi kodi ya duka. Isitoshe maiti ana ubaya gani? Maiti haumwi.

Mwalimu amejifungua, mtoto wa kike, mzima. Sijapata kuona mtu mwenye furaha kama ile. Niende nikamwambie nini? Nimnyang'anye furaha kwa sababu ya doa asiloliona? Mtaa mzima utajua kabla ya jioni.

Nyamaza, dada. Nifanyie hivyo tu.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Juzi nilikuja huko. Nilipita mbele ya duka lako, nikakuona ukicheka na mteja, ukimkunjulia shuka lingine. Kumbe yapo mengine. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaona mate yamenijaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika. Sikuingia.

Kwa mwalimu nilipokelewa kama mgeni wa heshima. "Karibu, karibu, kumbe ndiye wewe mwenye mikono hii!" Akaniingiza chumbani. Kale kabinti kalikuwa kamelala kifudifudi, shavu juu ya ndege wangu, mdomo wazi, udenda umelowesha bawa. Kananyonya pembe ya shuka.

Nilimwambia. Sikupamba neno. Hakupiga kelele. Alimnyanyua mtoto, akamvua nguo zote, akambeba hadi kwenye beseni, akamwosha kinywa kwa kidole. Akamwosha tena. Mtoto analia, yeye anaosha. Kisha bila kugeuka akaniuliza, "Na ni wewe uliyetarizi?"

"Ni mimi."

"Ulipokuwa unatarizi, hukusikia harufu?"

Nilisikia. Ndivyo nilivyomjibu.

"Basi toka nyumbani kwangu."

Nikatoka. Alikuwa na haki. Sasa nakuambia na wewe: sitaki kitambaa chako, sitaki uzi wako, na kwa sasa sitaki kukuona. Ni heri ungeniibia.

Dada yako

30 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo haujambo. Sikukuandikia muda wote huu kwa hasira. Nilisema umeniua, dada wa tumbo moja.

Siku uliyotoka kwa mwalimu, jioni yake alikuja dukani. Palikuwa na wateja. Aliyabwaga mashuka mawili juu ya meza yangu, akasema, "Yashike." Alikuwa ameyaosha yote wanga ukaisha, na doa la bega la mtu lilikuwa wazi pale, katikati ya maua yako.

Nilitaka kuyashika, dada. Nilitaka niyakunje haraka nitabasamu. Mkono ukakataa. Nikaokota kijiti cha kufungulia dirisha, nikayasukuma nacho hadi chini. Nilipoinua macho, kila mtu alikuwa anakiangalia kijiti. Walitoka mmoja mmoja.

Duka nimelifunga. Marobota niliyachoma, na moshi wake ukanitapisha. Mzee wa Marobota anasema nina mapepo. Nikila, nasimama kunawa katikati ya chakula. Shemeji yako ameacha hata kunitania.

Sina ninachoomba. Sijui hata kama niandike mdogo wako.

14 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Kinyaa chako kimechelewa, lakini kimefika. Hasira zangu hazijaisha, usije ukadhani zimeisha.

Njoo. Usilete kitu mkononi.

Dada yako