Mgongo wa Samaki

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka huku ughaibuni, mtaani kwetu Merrylands, tulikofungiwa ndani kwa korona. Mama yako bado anakwenda kazini kulea wazee. Kila akikohoa, roho inaniruka.

Umeniuliza kama wewe na wakwe zako, mnaovua samoni huko Alaska, mkubali kituo cha kutotolesha samaki kizidishe kumwaga vifaranga vya samoni baharini. Swali hilo limeninyima raha.

Nilipokuwa msichana Muheza, baba alitia vifaranga vya perege bwawani, akaongeza, akaongeza tena. Maji yakachemka kwa samaki, majirani wakatupongeza. Mama alimshika mmoja tu, akampitisha kidole gumba mgongoni, kisha akaniambia, "Hebu pitisha na wewe."

Uti ulikuwa mkali kama kisu. Kichwa cha mtu mzima, mwili wa mtoto.

"Wote wamekula," mama akasema, "na hakuna aliyeshiba."

Najua bahari si bwawa, na samoni mimi namjua wa dukani tu. Lakini umeniambia mwaka huu samoni wenu ni wengi, tena wepesi kwenye mizani. Mwanangu, kabla hamjanyoosha mikono kukubali huko mkutanoni, mpe mkweo samaki mmoja amshike mgongo.

Bibi yako, mwenye wasiwasi.