Sumaku ya Rehema

Jumamosi. Joto la leo halina adabu, hata kule Goba mlimani upepo umegoma.

Nina wivu. Nauandika wazi, maana mchana kutwa nimetabasamu hadi mashavu yameuma.

Rehema, mwenzangu wa maabara, aliniita kwao Goba nikaone kazi yake. Sote wawili tunahangaika na kitu kilekile: mafuta meusi yenye chembe laini za chuma, yaliyojazwa kwenye mpira mwembamba uliounganishwa mduara. Ukiupasha moto upande mmoja na kuweka sumaku hapo karibu, mafuta yanatakiwa kuzunguka yenyewe, bila pampu. Sumaku huyavuta zaidi yaliyo baridi, na hayo ya baridi huyasukuma yaliyopata moto. Jumatatu Dokta, msimamizi wetu, anachagua mmoja wetu wa kuendelea na utafiti.

Mmoja tu.

Yangu, nyumbani Manzese, chembe zimetuama chini kama machicha. Ya Rehema inazunguka. Kaulaza mpira mezani sebuleni, na nilipougusa upande ulio mbali na moto, ulikuwa vuguvugu. Roho iliniuma. Mama yake akaniuliza mbona sili, nikamwambia ni joto, mama.

Ndipo nikaiona meza. Nyumba yao iko kwenye mteremko na sakafu imeinama kidogo. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Kama meza imeinama, huenda mafuta ya moto yanapanda tu kama maji ya kwenye sufuria, na sumaku haina kazi. Ningeweza kunyamaza akaumbuke Jumatatu. Lakini wivu wangu hauna subira, nilitaka kumwona akinywea leo, mbele yangu.

"Hebu toa sumaku tuone," nikasema kwa upole wote niliokuwa nao.

Akaitoa. Tukangoja, vidole vyangu vikiwa juu ya mpira, nikiomba ubaki na joto lake. Ukapoa. Akairudisha sumaku, ukaanza kupata joto tena; kumbe ni sumaku kweli.

Rehema akanikumbatia. "Mie wala nisingewaza hilo, shoga. Dokta angeniuliza hapo ningeduwaa. Nitamwambia wazo la kutoa sumaku ni lako."

Na atamwambia kweli, ndivyo alivyo. Angekuwa na roho mbaya japo kidogo, ningepumua.

Jumatatu Dokta akinigeukia kunisifu, uso wangu nitauweka wapi?