Fundo la Pili

Xiaobei, Guangzhou
9 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Same? Vidole vimekuachia kidogo, au bado asubuhi unashika kikombe kwa viganja? Sisi hatujambo. Mume wangu Sostenes anahangaika na mizigo, na mwanangu Herieth ameota jino la nne, anang'ata hata viatu vya wateja. Barua hii anakuletea Martina, anayerudi nyumbani. Isome peke yako, mama. Kwa simu nisingeweza, maana simu yako inasikilizwa na nyumba nzima.

Ugonjwa wako umenifikia, baridi yabisi. Nilianza kushindwa kufunga marobota ya nguo, nikadhani ni uchovu. Nyokabi, jirani yetu Mkenya anayejua Kichina, akanipeleka hospitali.

Daktari alianza na maswali. Kila kazi aliuliza mara mbili: inakushinda kiasi gani, halafu, kushindwa huko kunakuumiza kiasi gani wewe mwenyewe. Sifuri mpaka tatu. Mimi kwa mazoea ya soko nikawa nataja ndogo, nikingoja apandishe. Nyokabi alicheka mpaka akashika ukuta, akaniambia we mama, hapa hatununui jinzi, sema ya mwisho! Basi nikasema kweli. Vifungo vya blauzi vinanishinda, tatu. Kuniumiza, sifuri, mimi navaa madera.

Mwishoni akauliza kama kuna kazi hakuitaja. Nikasema kufunga mtoto mgongoni. Ilibidi Nyokabi asimame aonyeshe kwa mtandio wake ndipo daktari akaelewa. Inanishinda, mbili. Inaniumiza kiasi gani? Hapo nililia, mama, hadi daktari akaweka kalamu chini. Akanipa karatasi nikajaze nyumbani, niirudishe Alhamisi.

Walidhani namlilia Herieth. Mimi nilikuwa nakuona wewe pale bombani. Kila siku nakuona. Mtu akipita koridoni anaburuta ndala, nasikia mguu wa mdogo wangu Didas.

Unakumbuka asubuhi ile vidole vyako vilikataa, ukaniita nikufungie Didas mgongoni. Nilikuwa na miaka tisa, na wenzangu walikuwa nje wananisubiri tucheze rede. Ulipoinama kuchota maji akadondoka kwenye jiwe. Ukaniuliza kama nilifunga mafundo mawili. Nikasema ndiyo, mawili.

Nilifunga moja, mama. Moja tu, nikakimbia.

Wewe ukaniamini, ukalaumu mikono yako. Shangazi Dorothea akasema mikono kama hiyo isishike mtoto wa watu, nikasikia, nikanyamaza. Tangu hapo hujabeba mtoto yeyote. Hata Herieth, Krismasi iliyopita, ulisema tumuweke kwenye mkeka, mikono yako si ya kuaminiwa. Didas mwenyewe anachechemea na mpira anacheza. Ukimuuliza mguu unamuumiza kiasi gani, atakwambia sifuri. Tatu ni yako, miaka kumi na saba, na mimi ndiye niliyekuandikia.

Mikono yako haikukosa kitu. Nisamehe ukiweza.

Daktari anasema nimewahi, dawa zitasaidia, nami naamini. Krismasi tunakuja. Didas nitamwambia mwenyewe, usinitangulie. Halafu, ukikubali, nataka umbebe Herieth. Nitakufungia mimi, fundo la kwanza na la pili, na vidole vyangu vikilegea Didas atavuta.

Wasalimie wote, na shangazi pia. Herieth anakupungia mkono.

Mwanao,
Joyness