Ndoa ya Bastola Mbili

Buyenzi, Bujumbura
Machi 1996

Kaka yangu mpenzi Shaabani,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe kwanza, halafu wifi, halafu watoto kila mmoja kwa kimo chake. Je, kifua chako kimepoa, au bado unakunywa dawa siku mbili na kuisahau siku ya tatu kama kawaida yako? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Tunakula tukipata na tunalala tukiachwa tulale. Mvua imeanza, mtaro wa mbele umejaa, na shemeji yako Hamimu hana hata jeraha la msumari. Hilo nalitanguliza usije ukaisoma barua hii mkono ukiwa kifuani. Mwili wake ni mzima. Akili yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka nilikuandikia habari za yule mshonaji wa avenyu ya jirani, aliyevamiwa na kuuawa mbele ya cherehani yake. Tangu siku ile Hamimu hakupata usingizi. Simlaumu kwa hofu, maana hofu tunayo sote, hata paka wa mtaa huu siku hizi wanatembea kando ya ukuta. Ninamlaumu kwa kazi aliyoifanya na hiyo hofu. Alisema mtu hawezi kulinda nyumba kwa spana za gereji, kwa hiyo lazima apate bastola. Nikasema sitaki chuma hicho ndani ya nyumba yangu. Akasema nyumba ni yake pia.

Basi akaja Cirimwami, yule mtu wa Uvira, Zaire, aliyekuwa akituletea rejeta za magari. Rejeta siku hizi hazina mnunuzi, kwa hiyo analeta vingine chini ya unga wa muhogo. Akafungua kitenge juu ya meza yangu, pale pale nilipokuwa nikichambua mchele, na ndani mlikuwa na bastola mbili. Alieleza kwamba ni bastola ile ile, ya Kibelgiji, jina moja. Ila moja ni ya zamani, na nyingine ni ile waliyoitoa baadaye wakiwa wameirekebisha. Akasema atatuachia zote mbili tuchague kwa nafasi, atarudi baada ya wiki tatu kuchukua moja. Kaka, laiti angeleta moja tu, yote haya yasingetokea.

Ile ya zamani ilikuwa na mpini wa mbao uliong'aa kwa mikono ya watu tusiowajua, na nzito. Ile mpya ilikuwa na mpini mweusi wa plastiki, na hapo juu pa kulengea palikuwa pakubwa, panaonekana hata na mtu mwenye macho kama ya Hamimu. Asubuhi mume wangu alitaka ya zamani. Jioni alitaka mpya. Akala chakula chake huku akizipima mkononi, moja kushoto, moja kulia, mchuzi unapoa. Akamwita Tajudini, fundi wa mastata ya magari wa mlango wa pili, ambaye akiombwa ushauri huja na kiti chake. Tajudini akasema kipya kinyemi. Alisahau kumalizia msemo, na mimi nikammalizia toka jikoni: ingawa kidonda. Hawakunisikia.

Na wewe, kaka, ukaongeza kuni. Nilikutajia kwa mistari michache kwamba ameletewa mbili, nikakuomba umwandikie umtoe wazo la bastola kichwani. Ukamwandikia kurasa mbili za kusifu chuma cha wakati wa Wabelgiji! Ya kale ni dhahabu, ukasema, na barua yako ikasomwa barazani kama hotuba. Wakaswali alasiri, wakarudi, wakaanza upya. Kahawa naichemsha mimi, tangawizi naitwanga mimi, sukari inakwisha kwangu. Siku moja nikawauliza kama hakuna chaguo la tatu, la kutokuwa na bastola yoyote. Tajudini akacheka na kuniambia, "We Asiya, mambo ya chuma utuachiye sisi." Hamimu alimaliza kunichagua mimi kwa kunitazama mara mbili, nawe shahidi, maana wewe ndiye uliyekuwa walii wangu ukampa mkono. Lakini bastola ilimshinda kuchagua.

Halafu wakapata akili, na hapo ndipo nilipopaswa kulia. Unalijua lile neno letu la gereji za Buyenzi, ambalo sidhani kama huko kwako Kigoma wanalisema: ndoa. Gari moja lina bodi nzuri na injini mbovu, jingine injini nzuri na bodi iliyooza, basi fundi anayaoza, anatoa gari moja zima na jingine la kumdanganyia mteja. Ndoa za namna hiyo zimelisha watoto wengi mtaa huu, nami mmoja wao. Tajudini akasema kwa nini wachague wakati wanaweza kuoza? Wakatandika gazeti, wakazifungua zote mbili kama saa. Wakachukua kiwiliwili cha ile ya zamani, chenye mpini wa mbao na chuma ulichokisifu wewe, wakakivika sehemu ya juu ya ile mpya, yenye pa kulengea pakubwa. Ikaingia. Wakashikana mikono. Yaliyobaki wakayafunga yakawa bastola nyingine, na Cirimwami aliporudi wakampa hiyo. Cirimwami anajua kuuza, hajui kufungua. Akaikunja kwenye kitenge chake akaenda Uvira. Niliwaambia huo ni wizi. "Apana wizi," Tajudini akanijibu, "ni ndoa ya halali, na mahari imelipwa."

Kuijaribu hawakuijaribu, maana mlio mmoja tu Buyenzi unaleta askari mlangoni. Waliivuta ikiwa tupu, ikalia tak, wakaridhika.

Jumatatu iliyopita vijana waliufunga mji tena, ile wanayoita "ville morte", mji uliokufa. Maduka yamefungwa, njia nyeupe, na kwa mbali tunasikia mabomu ya mkono. Baada ya adhuhuri Hamimu alifunga geti, akajinyoosha mkekani, bastola iliyojazwa risasi chini ya mto. Yaliyofuata nakusimulia kwanza kama yanavyosimuliwa barazani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mtu mwenye koti akaingia uani kinyumenyume, kupitia lile pengo la ukuta wa nyuma, akiburuta kitu. Hamimu akagutuka, akasimama mlangoni, akamlenga mgongoni, akavuta. Tak. Akavuta tena. Tak. Mwizi akapona, akakimbia.

Sasa mume wangu ni shujaa. Msikitini wanampa pole na hongera kwa pumzi moja. Tajudini peke yake ndiye mwenye haya, kwa sababu ndoa aliyoifungisha haikuzaa. Akaifungua tena akaona kosa. Ile sehemu ya juu ya bastola mpya ina kizuizi kidogo ndani, kinachongoja kusukumwa na kijiti cha chuma kutoka chini, na kijiti hicho kilibaki kwenye kiwiliwili alichopewa Cirimwami. Cha zamani hakikuumbwa nacho. Lakini Tajudini anasema mkono mzuri unaweza kuchonga kijiti kama hicho na kukitafutia nafasi. Amekichora kwenye karatasi, urefu na unene wake, na amempa jirani yetu Pascaline, anayekuja huko kununua dagaa, akuletee wewe umpelekee yule mfua chuma wako ambaye hakuna asichokiweza. Karatasi hiyo imo katika mfuko mmoja na barua hii. Kila jioni wanaume wanakaa barazani kwangu wakisikitika kwamba bastola haikulia, wakipanga namna ya kuifanya ilie siku nyingine. Nami nazunguka na birika, nawamiminia.

Sasa kaa chini, kaka. Mwizi yule alikuwa mimi.

Makaa yaliniishia, na Pascaline, ambaye ua wake umepakana na wetu, alikuwa nayo. Geti limefungwa, kwa hiyo nikapita pengo lile tunalopita sisi wanawake kila njia ikifungwa. Hamimu alikuwa usingizini, sikutaka kumwamsha. Kwa sababu ya mvua nilichukua koti lake la gereji pale msumarini. Narudi, naliburuta gunia, mgongo mbele. Nikasikia tak, nikadhani ni komeo. Nikaanza kugeuka. Ya pili aliivuta nikiwa nimegeuka nusu, na nilikiona kidole chake kikivuta. Halafu akaniona uso.

Alianguka kwenye tope akanishika miguu. Alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Ndiyo sauti iliyomleta Tajudini getini, na Tajudini alipouliza toka nje kuna nini, Hamimu akajibu mwizi. Nilikuwa nimesimama hapo, koti mwilini, makaa mkononi. Nikanyamaza. Nilimsitiri mume wangu, na tangu hapo uongo ule umejenga nyumba. Wakizungumzia kijiti, anatazama kikombe chake. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Akikataa watamuuliza sababu, na sababu ni mimi. Mimi nami nikisema, nimemvua nguo mbele ya mtaa mzima. Nina hasira naye, na ninamhurumia, na usiku namsikia yuko macho, naye ananisikia. Gunia lile la makaa halijaisha. Kila nikiwasha jiko nasikia tak.

Kwa hiyo nakuomba, usilete hadithi ya kale na mpya, na usimwandikie Hamimu kurasa mbili. Mwandikie Tajudini mstari mmoja tu. Sema mfua chuma kahama, sema kafa, Mungu atatusamehe. Siku ile ulisimama mbele ya shehe, ukaulizwa kama unaniozesha kwa Hamimu, ukasema ndiyo, na sijajuta hata leo. Hii ndoa ya pili nayo imeletwa kwako, inangoja neno lako kama ile ya kwanza. Kaka, sema hapana.

Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu, wifi mwambie kanga aliyoniletea naivaa Ijumaa, na dawa yako umalize chupa. Hamimu anakusalimu, hajui nimeandika nini, ila aliponiona nafunga bahasha alinitazama na hakuuliza.

Pascaline ana karatasi mbili mfukoni. Yenye mchoro si hii. Hiyo ya mchoro, washia jiko.

Mdogo wako, aliye hai,
Asiya