Kiini Chenye Mabonde

Mjukuu wangu Nasra,

Shikamoo yako imenifikia kwenye simu, marahaba. Hapa Kariakoo tuko salama. Mjomba wako amehamishia duka la vitambaa upande wa Msimbazi, na mama yako simu ikilia tu anaruka, akidhani ni wewe.

Unaniuliza kama ni vibaya daktari kuona viini vya seli za kiinitete chenu, wewe na mumeo, kinachokuzwa maabara, vina mabonde badala ya kuwa duara, na kuwaambia msubiri hadi kesho.

Nilipokuwa msichana, nikijifunza kazi ya maabara, tulirutubisha mayai ya wale wanyama wa baharini wenye miiba. Kwenye hadubini niliona kiini cha duara kikitoweka, yai likagawanyika. Kisha ndani ya kila seli, badala ya kiini, vikatokea vipovu vidogo vilivyobanana. Nikamwita mwalimu wangu.

“Mwalimu, yameharibika. Niyamwage?”

Akachungulia. “Usimwage. Endelea kutazama.”

Nikatazama. Vipovu vikaungana kidogo kidogo mpaka kila seli ikawa na kiini kimoja cha duara. Kumbe katika mayai yale ndivyo kiini kinavyojijenga upya, nami nilitaka kukimwaga kikiwa katikati ya kazi.

Chenu ni cha binadamu, na mimi si daktari, kwa hiyo siwezi kukuahidi kitu. Naogopa pia, Nasra. Chai ya asubuhi imepoa mezani sijaigusa. Ila usisubiri peke yako. Kesho, kabla ya kwenda kwa daktari, nipigie, tuingie wote, mimi nikiwa kwenye simu.

Nakupenda,
Bibi Zuwena